Kutoka mwanakondoo wa jicho moja hadi dawa ya saratani

Haya niliyasema redioni Jumapili iliyopita. Wengi walipiga simu wakisema walifungua redio kipindi kikiwa ukingoni, na mhariri amenipa nafasi niyarudie hapa. Nimeongeza machache ambayo muda wa hewani haukuniruhusu kuyasema.

Majuma matatu yaliyopita, kipindi chetu cha asubuhi kikiwa kimekwisha na mimi nikikusanya makaratasi yangu, simu ya studio ililia. Aliyepiga alikuwa mfugaji wa upande wa Manyoni. Hakutaka jina lake litajwe, na sitalitaja. Alisema mbuzi wake amezaa mtoto mwenye jicho moja, tena jicho lenyewe liko katikati ya uso, na juu yake kimeota kinyama mfano wa kidole. Kitoto hicho kilikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Majirani wamemshauri akichome moto usiku, asimwambie mtu, na kesho yake atafute mtaalamu wa kusafisha zizi.

"Wewe mtangazaji unasoma mambo mengi," aliniambia. "Hebu niambie, hii ni nini?"

Sikuwa na jibu. Nina stashahada ya uandishi wa habari, si ya mifugo. Nilimwambia amwone bwana mifugo, akashukuru, nami nikabaki nimeshika simu kwa aibu. Maana jambo lile halikuwa geni kwangu. Nikiwa na umri wa miaka kama tisa, babu yangu alizika kitu usiku nyuma ya zizi, na asubuhi sisi watoto tukaambiwa mbuzi kaharibu mimba. Hatukuuliza. Miaka michache baadaye shangazi yangu alijifungua mtoto ambaye uso wake haukukamilika, na maneno yaliyosemwa ndani ya nyumba yalikuwa yale yale ya zizini: kuna mtu, kuna jicho baya, kuna kitu alikula cha wenyewe. Mtoto hakumaliza siku mbili. Shangazi alirudishwa kwao kabla arobaini yake haijatimia.

Basi nikaanza kusoma na kuuliza wanaojua. Habari ya mbuzi wa Manyoni nitairudia. Kwanza twende mbali kidogo, kwenye wanakondoo wengine waliozaliwa hivyo hivyo, ambao bila wao kuna wagonjwa wa saratani leo wasingekuwa na dawa.

Idaho ni jimbo la milima huko magharibi mwa Marekani, nchi ya viazi na kondoo. Wafugaji wa kule wana desturi ya kuwapandisha kondoo milimani wakati wa majira ya joto, kwenye nyasi mbichi na vijito, kisha huwateremsha baridi inapobisha hodi. Kwa miaka mingi walikuwa wakipata wanakondoo wa ajabu. Wengine walikuwa na jicho moja katikati ya uso, wengine macho mawili yaliyobanana ndani ya tundu moja, wengine pua haipo na taya la juu limepinda, hata wakaitwa wanakondoo wenye sura ya nyani. Karibu wote walikufa. Na kulikuwa na jambo jingine la kutisha zaidi kwa mwenye mali. Mimba ya kondoo huchukua siku 150 hivi, lakini baadhi ya kondoo hao walipitiliza majuma kadhaa bila kuzaa, huku mtoto akizidi kukua tumboni, mpaka mama anakufa.

Je, wafugaji walisema? Hawakusema. Mfugaji wa Idaho hakuogopa mchawi, aliogopa soko. Iliaminika kuwa kasoro ile ni ya damu, yaani ya kurithi, na ikijulikana kuwa damu ya kundi lako ni mbovu, nani atanunua madume yako? Wakazika, wakanyamaza. Kwa hilo sioni tofauti kubwa kati ya Idaho na kijijini kwa babu yangu.

Mwaka 1957 baadhi yao walichoka, wakapeleka malalamiko katika Wizara ya Kilimo ya Marekani. Wizara hiyo ilikuwa na maabara mjini Logan, katika jimbo jirani la Utah, ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza mimea inayodhuru mifugo. Kiongozi wa uchunguzi alikuwa Wayne Binns, na pamoja naye alikuwapo mtafiti kijana aliyeitwa Lynn James.

Hapa lazima nikumbushe jambo. Mwaka huo huo wa 1957, huko Ujerumani Magharibi, ilianza kuuzwa dawa ya usingizi na kichefuchefu iitwayo thalidomidi. Akina mama wajawazito waliinywa bila wasiwasi, kwa sababu madaktari wengi wa enzi hizo waliamini kwamba tumbo la mama ni ngome. Kile anachokula mama hakimfikii mtoto kirahisi. Ilipofika mwisho wa 1961 dawa hiyo iliondolewa sokoni, na watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamezaliwa na mikono na miguu isiyokamilika. Kwa hiyo mtu aliyekwenda Idaho mwaka 1957 kuuliza kondoo mwenye mimba amekula nini, alikuwa akiuliza swali ambalo wakubwa wa tiba walikuwa hawajaanza kuliuliza vizuri.

Wachunguzi wa Logan walianza na damu. Waliwachukua majike waliowahi kuzaa vilema, wakawapandisha na madume ya ukoo huo huo, wakasubiri. Wanakondoo wakazaliwa wazima. Basi si damu. Ikabaki malisho, na malisho ya mlimani yana mimea ya kila namna. Inasimuliwa kwamba Lynn James alikaa na kondoo malishoni majira matatu ya joto, akiwafuata wanakokwenda na kuandika wanachokula. Wenye ofisi zao watacheka. Mimi nadhani hiyo ndiyo sehemu kubwa kuliko zote katika habari hii, maana wataalamu wengi ninaowafahamu wangemwita mfugaji ofisini, wakamjazisha fomu na kumwambia arudi wiki ijayo.

Mshtakiwa alikuwa mmea mrefu wa mabonde ya unyevu mlimani, wenye majani mapana yaliyokunjamana, ukiuona kwa mbali unaweza kudhani ni mhindi. Kwa jina la kitaalamu ni Veratrum californicum. Mwaka 1963 Binns na wenzake walitangaza kwamba mmea huo, ukiliwa na kondoo mwenye mimba changa, huzaa jicho moja. Na kwa kuwalisha kondoo siku tofauti tofauti wakagundua ajabu nyingine: siku yenyewe ni ya 14 baada ya kupandwa. Kondoo akiula siku hiyo, mtoto anaharibika uso. Akiula majuma mawili baadaye uso uko salama, lakini miguu inaweza kuwa mifupi. Mama mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa, anatafuna.

Na wale waliopitiliza siku? Ilionekana kwamba mwanakondoo wa jicho moja mara nyingi hana ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kwa kondoo ni mtoto mwenyewe anayetoa amri ya kuzaliwa, kwa kutumia tezi hiyo. Hana tezi, hatoi amri. Daktari Graham Liggins wa New Zealand alilithibitisha hilo katika miaka ya 1960 kwa kondoo wa kawaida, na kazi yake ndiyo iliyotuletea ile sindano wanayopewa akina mama wanaotaka kujifungua kabla ya wakati, ili kukomaza mapafu ya mtoto. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Tiba ya wafugaji ilikuwa rahisi hata inachekesha. Usiwapeleke majike kwenye mabonde yenye mmea huo katika majuma ya kwanza baada ya kupandwa. Basi. Hakuna dawa, hakuna chanjo. Wanakondoo wa jicho moja wakapungua.

Mahali pengi kazi ingeishia hapo. Logan alikuwapo mkemia, Richard Keeler, aliyetaka kujua ni kitu gani hasa ndani ya mmea kinachofanya hivyo. Alikausha mizizi, akaisaga, akaichuja na kuitenganisha, na kila alichokitenga akakijaribu. Mwaka 1968 alitangaza amekipata. Alikiita saiklopamini, kutokana na Kyklops, yale majitu ya jicho moja ya hadithi za Wagiriki wa kale. Muundo wake ulifanana kwa mbali na ule wa kolesteroli. Jinsi unavyoharibu uso, hakuna aliyeweza kueleza. Saiklopamini ikawekwa kwenye chupa, makala zikachapwa katika majarida ya mifugo, na dunia ikaendelea na mambo yake karibu miaka 30.

Sasa tuwaache kondoo, twende kwa inzi. Nasema vile vijiinzi vidogo vinavyoelea juu ya ndizi mbivu. Mjini Heidelberg, Ujerumani, watafiti wawili, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, walikuwa wakiharibu jeni za vijiinzi hivyo moja baada ya nyingine na kutazama funza wanatokaje. Funza wa kawaida ana vinywele vilivyojipanga kwa mistari. Jeni mojawapo ilipoharibika, funza alitoka mfupi, amejaa vinywele mwili mzima mithili ya kalunguyeye. Wakaiita jeni ya kalunguyeye. Watu wa inzi wana mchezo huo. Jeni nyingine ya ukoo huo inaitwa yenye viraka, nyingine iliyolainishwa. Makala yao ilitoka mwaka 1980, na mwaka 1995 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Lewis wa Marekani. Mwaka 1993 ilikwisha onekana kwamba wanyama wenye uti wa mgongo, binadamu akiwamo, nao wana kalunguyeye wao. Aliye maarufu kati yao kapewa jina la mchezo wa video wa watoto, Sonic. Wanasayansi nao ni watu.

Mwaka 1996 Philip Beachy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, pamoja na Chin Chiang na wenzao, walitangaza habari za panya waliozuiwa kuwa na jeni hiyo. Walikuwa na jicho moja, katikati ya uso, na juu yake kinyama mfano wa kidole.

Mwaka huo huo ikagunduliwa kwamba katika baadhi ya familia za binadamu ambamo huzaliwa watoto wenye ubongo usiogawanyika na uso usiokamilika, kasoro iko kwenye jeni hiyo hiyo. Si kwa watoto wote, sababu ziko nyingi, lakini kwa baadhi ndivyo. Na hutokea mapema sana, katika mwezi wa kwanza wa mimba, mara nyingi mama hajajua hata kama ni mjamzito.

Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Kisha nikampigia simu shangazi yangu. Ni mtu mzima sasa, ana wajukuu kwa mume wa pili. Nilimweleza polepole, bila majina ya kizungu, habari ya panya na ya mwezi wa kwanza. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sikula kitu cha mtu?" Nikamwambia hakula kitu cha mtu, shangazi. Akasema haya baba, akageuza mazungumzo, akauliza habari za wanangu.

Turudi kwenye jambo letu. Ili uelewe dawa ilivyopatikana, ni lazima uelewe kalunguyeye anafanya kazi gani, na kwa hilo naomba nikupeleke kituo cha daladala. Pale kuna mpiga debe. Akipiga kelele, abiria wanaingia na gari linaondoka. Sasa ifikirie seli ya mwili kama gari hilo. Ukutani pake amesimama mpiga debe, na akipiga kelele habari inafika ndani, seli inaanza kugawanyika au kugeuka kuwa kile inachotakiwa kuwa. Lakini muda mwingi haruhusiwi kufungua mdomo, maana amesimamiwa na mgambo. Mgambo huyo ndiye ile jeni ya viraka. Kalunguyeye ni mjumbe kutoka seli za jirani. Akifika, anamshika mgambo mkono na kumsogeza kando, na mpiga debe anaanza kazi.

Katika mimba changa, eneo la macho huwa ni moja tu, limekatiza uso. Ujumbe wa kalunguyeye kutoka katikati ndio unaoligawa kuwa mawili, la kulia na la kushoto. Mjumbe asipofika, au mpiga debe asiposikika, eneo linabaki moja, na jicho linakuwa moja.

Picha za wanakondoo wa Idaho zilikuwa bado vitabuni, na chupa za saiklopamini zilikuwa bado zipo. Mwaka 1998 makundi mawili, la Beachy huko Baltimore na la Henk Roelink huko Seattle, yalionyesha kwamba saiklopamini huzuia seli zisiuitikie ujumbe wa kalunguyeye. Katika kundi la Seattle alikuwamo William Gaffield, mkemia wa Wizara ya Kilimo aliyekuwa California, ambaye hakuiacha saiklopamini miaka yote ile wengine walipokuwa wameisahau. Baadaye, mwaka 2002, ikathibitishwa kwamba dawa ile haimgusi mjumbe wala mgambo. Inamshika mpiga debe mwenyewe na kumziba mdomo.

Na hapo ndipo saratani inapoingia. Nyuma mwaka 1960, huko Minnesota, Robert Gorlin, bingwa wa magonjwa ya kinywa, na mwenzake Robert Goltz walieleza juu ya watu ambao tangu ujana huota vivimbe vingi vya saratani ya ngozi, pamoja na uvimbe wenye maji kwenye mifupa ya taya. Ugonjwa huo hurithiwa. Mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti yakapata jeni iliyoharibika: ni ile ya viraka. Mgambo! Ikaonekana kisha kwamba hata mtu asiye na ugonjwa wa kurithi, akipata saratani ya ngozi ya aina ya basali, ambayo ndiyo saratani inayowapata Wazungu wengi kuliko zote, mara nyingi sana ndani ya uvimbe wake mgambo huyo amekufa. Mpiga debe hana wa kumnyamazisha, anapiga kelele usiku na mchana, na seli zinagawanyika bila kukoma.

Sasa msomaji umekwisha waza walichowaza. Kama saiklopamini inamziba mdomo mpiga debe katika tumbo la kondoo, na huko ni balaa, je, ikimziba mdomo ndani ya uvimbe? Mwaka 2000 ikajaribiwa kwenye seli za maabara, na kelele zikanyamaza. Mwaka 2002 ikajaribiwa kwenye seli na panya wenye uvimbe wa ubongo wa aina iitwayo medulobilastoma, na uvimbe ukarudi nyuma. Sumu ya malishoni ikawa chombo cha maabara za saratani dunia nzima, na ni hivyo hadi leo.

Kuwa dawa ya binadamu lakini ikashindwa. Nguvu yake ni ndogo, haiyeyuki vizuri, asidi ya tumboni inaiharibu, na kuipata kwa wingi ni kuchimba mizizi milimani. Kampuni ya Curis ya Massachusetts ikishirikiana na Genentech ya California zilitafuta kemikali nyingine, ya kutengenezwa kiwandani, inayomziba mdomo mpiga debe yule yule. Waliyoipata inaitwa vismodegibu.

Mwaka 2009 jarida kubwa la tiba la Marekani lilichapisha habari ya kijana wa miaka 26 mwenye medulobilastoma iliyokwisha sambaa mwilini. Matibabu mengine yote yalikuwa yameshindwa. Alipewa dawa hii mpya ikiwa bado kwenye majaribio. Picha ya mwili wake kabla ya dawa imejaa madoa meusi ya saratani kutoka shingoni hadi mapajani. Picha ya miezi miwili baadaye karibu ni nyeupe. Nimezitazama picha hizo mara nyingi. Mwezi uliofuata ugonjwa ulirudi, na kijana hakupona. Ndani ya uvimbe wake, mpiga debe alikuwa amebadilika umbo kidogo, kiasi kwamba dawa haikuweza tena kumshika.

Naisimulia hiyo kwa makusudi, kwa sababu magazeti yetu, na sisi wa redio hatujambo, tumezoea kutangaza kwamba "dawa ya saratani yapatikana" kila baada ya miezi mitatu. Tarehe 30 Januari 2012 serikali ya Marekani iliruhusu vismodegibu, kwa jina la biashara Erivedge, kwa watu wenye saratani ya ngozi ya basali iliyosambaa au iliyoenea mahali ambapo upasuaji na mionzi haviwezi tena kusaidia. Katika jaribio lililotumika kuipitisha, uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 43 katika kila 100 wa saratani isiyosambaa, na 30 katika kila 100 wa ile iliyosambaa. Kwa mtu ambaye uvimbe unamla pua na jicho na daktari hana pa kukata, hilo si dogo. Lakini Januari hiyo hiyo, kampuni nyingine ilisimamisha jaribio la dawa iliyotengenezwa kutokana na saiklopamini yenyewe, kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho. Waliopewa dawa walikuwa wakiishi muda mfupi kuliko wasiopewa. Kumbe katika kongosho kelele zile zilikuwa na kazi nyingine.

Wanaomeza Erivedge, kidonge kimoja kila siku, wengi hubanwa na misuli, nywele hunyonyoka, na chakula hukosa ladha. Si ajabu, nywele na ulimi vinamhitaji kalunguyeye maisha yote. Na kwenye maelezo ya dawa kuna onyo ndani ya kisanduku cheusi: isitumiwe na mwanamke mjamzito kwa hali yoyote, mwanamke apimwe mimba kabla ya kuanza, na mwanamume anayeitumia avae kondomu. Lile lililomkuta kondoo wa Idaho siku ya 14 sasa limepigwa chapa kwenye karatasi ya dawa.

Bei? Ilipoanza kuuzwa huko Marekani ilikuwa dola 7,500 kwa mwezi, zaidi ya shilingi milioni 11 za wakati ule. Mizizi ya kwanza ilichimbwa kwa fedha za walipa kodi, kwa ajili ya kondoo. Sisemi kampuni haikutumia fedha, ilitumia nyingi. Nasema tu hesabu hiyo ningependa siku moja kuiona imeandikwa yote kwenye karatasi moja.

Msikilizaji mmoja ameuliza kama dawa hii ingewafaa ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua linawaua kwa saratani ya ngozi hapa nchini. Ni swali zuri na jibu lake halifurahishi. Saratani inayowapata zaidi ni ya aina nyingine, ya skwamasi, ambayo kelele zake hazitoki kwa mpiga debe huyu. Wale wenye ya basali ingeweza kuwafaa, kama wangeweza kuilipia. Kwa wote wawili, kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua na kumwona daktari kidonda kikiwa bado kidogo ni bora kuliko kidonge chochote cha Genentech, na vinapatikana kwa fedha zetu.

Sasa mbuzi wa Manyoni. Juma lililopita nilimpigia yule mfugaji. Mmea wa Idaho ni wa milima ya kwao, si wa Manyoni, kwa hiyo sikumwambia kuwa nimepata mchawi mpya. Nilimwuliza kama alikwenda kwa bwana mifugo. Alikwenda. Kile kitoto hakukichoma. Alikifunga kwenye mfuko akakipakia kwenye baiskeli mpaka ofisini. Bwana mifugo alikitazama, akakipiga picha, akatoa daftari. Akamwuliza mbuzi huyo alipandwa lini, na siku zile alikuwa akilishwa wapi.

"Hilo la wapi," mfugaji aliniambia, "sikuwa nimewahi kuulizwa na mtu."

Ana mbuzi wengine wawili wenye mimba. Mtoto wa kuchunga kampumzisha kwa muda, anawafuata mwenyewe.